Kanga Tunaisoma, Kofia Nani Ataisoma? Juu ya Mshono wa Mkono Mjini Zanzibar

Ni nadra kumpata mwanafunzi wa fasihi aliyepita katika idara za Kiswahili za ukanda wetu bila ya kuandika walau insha moja juu ya majina ya kanga. Mada hiyo imekwisha kukubalika. Ina tasnifu zake, ina makongamano yake, na mwaka 2001 Rose Marie Beck alitoa kitabu kizima kwa Kijerumani juu ya maandishi ya nguo hizo. Hatuna ugomvi na mada yenyewe. Ugomvi wetu ni na mazoea yaliyozaliwa nayo, kwamba kitambaa huhesabiwa kuwa kazi ya sanaa pale tu kinapokuwa na maneno yaliyochapwa juu yake. Kile kisicho na maneno, hata kama kimeshonwa kwa mkono mwezi mzima, husukumwa kando kiwe shughuli ya walimu wa sayansikimu au bidhaa ya watalii.

Katika makala haya tunakusudia kutazama kazi chache za sindano ambazo sisi na wanafunzi wetu tulizikuta mjini Zanzibar wakati wa safari ya mafunzo, na kuzipima kama tunavyopima kazi nyingine yoyote ya sanaa: ipi imefaulu, ipi haikufaulu, na kwa nini. Msomaji asitarajie maelezo ya majumba ya maonyesho. Beit al-Ajaib, jumba aliloliinua Sultani Barghash mwaka 1883 na ambalo kwa miaka mingi lilikuwa makumbusho, liliporomoka sehemu yake mwezi Desemba 2020. Tulichokiona tulikiona madukani, vichochoroni na uani kwa watu, mahali ambapo kazi hizi hukaa siku zote.

Tuanze na kanga, kwa kuwa ndiyo inayojulikana. Anayeingia Mtaa wa Mchangani akanunua kanga hapewi nguo iliyokamilika. Hupewa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana, pindo kwa pindo. Ni juu ya mnunuzi kuvikata na kuvipinda kingo. Waswahili wana kitenzi chake, kukunga, na anayelijua neno kunga kwa maana ya siri na mafunzo ya wasichana asishangae kulikuta tena mdomoni mwa mshonaji. Jambo hili dogo lina uzito kuliko linavyoonekana. Historia inayosimuliwa pwani ni kwamba kabla ya kanga kuchapwa kiwandani, wanawake wa mwishoni mwa karne ya 19 walinunua vitambaa vya leso vilivyokuja vimeungana katika jora, wakakata sita katika safu mbili za tatu tatu, wakaziunganisha kwa sindano wapate nguo moja kubwa. Neno leso lenyewe ni la Kireno, na Mombasa hadi leo ndilo jina la nguo hiyo. Majina yakaja baadaye, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kirumi. Kwa hiyo nguo tunayoifundisha kama maandishi ilianza kama mshono. Ukimwuliza mwanafunzi sehemu za kanga atakutajia pindo, mji na jina bila kukosea. Muulize nani alikunga kanga ya mama yake na kwa mshono gani, atanyamaza.

Mafundi wa cherehani wanaowashonea watalii wamekwenda mbali zaidi. Katika maduka ya Mji Mkongwe tuliona mikoba, suruali na mito iliyokatwa kutoka kwenye kanga pasipo kujali jina limepita wapi. Mkoba mmoja ulibeba nusu ya sentensi: kitenzi kimebaki Zanzibar, yambwa imekwenda Ulaya. Wanafunzi walicheka, nasi tulicheka. Lakini kama kazi ya sanaa mkoba ule ni dhaifu hata kwa asiyejua Kiswahili, kwa sababu pindo la kanga limechorwa lizunguke mji. Likikatwa na kugeuzwa mshipi wa mkoba, haliuzunguki mji tena, ni mistari tu.

Kazi tofauti kabisa ni zile za duka la Sasik katika Mtaa wa Gizenga, ambako wanawake hushona foronya za mito na mapambo ya ukutani kwa kupachika kitambaa juu ya kitambaa. Ruwaza nyingi zimechukuliwa kutoka katika nakshi za milango ya mji. Tuna maoni mawili juu ya kazi hizi. Pale mshonaji aliponakili ua la mlangoni kama lilivyo, kazi ni safi lakini baridi. Mbao huchongwa kwa kina na kivuli ndicho kinacholipa ua uhai wake, na kitambaa hakina kivuli hicho. Pale alipokubali kwamba anafanya kazi kwa rangi, akaweka buluu nzito juu ya rangi ya mchanga na kuliacha jani likue kupita kiasi cha mlango, ndipo foronya inaposimama kwa miguu yake. Kingo za vipande vilivyopachikwa zimekunjwa ndani kwa ustadi, na hata kwenye ncha kali za majani hatukuona uzi uliochomoza.

Hata hivyo kazi iliyotushika kuliko zote ni kofia. Tunasema kofia ya mkono, ile nyeupe ya viua ambayo wengine huita bulibuli. Imeundwa kwa sehemu mbili, kipande cha duara cha juu na mkanda wa kuzunguka kichwa. Kitambaa huwekwa maradufu, ruwaza huchorwa, mistari hupigwa bandi ili matabaka yasiteleze, kisha kazi yenyewe huanza. Kiua ni kitundu. Mshonaji hutoboa kitambaa, kisha huzungushia uzi kingo za tundu, mshono kwa mshono, hadi tundu likaze na lisifumuke. Kofia nzuri ina mamia ya matundu hayo, na kila tundu ni kazi ya dakika kadhaa kwa mkono uliozoea. Ikifuliwa hutiwa wanga na kuvishwa juu ya faruma, kibao cha mviringo kinachoizuia isinywee. Kofia za namna hii huvaliwa pia Oman, ambako ni sehemu ya vazi la taifa, na uhusiano wa pande hizo mbili za bahari hauna haja ya kuelezwa katika jarida hili. Zulfikar Hirji aliiandikia makala kofia ya Zanzibar mwaka 1997, kwa Kiingereza, akionyesha kwamba kofia husema mengi juu ya mvaaji. Sisi tunataka kumwangalia mshonaji.

Ugumu wa kwanza wa mshonaji ni wa hesabu. Mkanda wa kofia ni mduara. Ua analoanza nalo sharti likutane na ua la mwisho pasiwe na nusu wala robo. Akikosea kipimo mwanzoni, atagundua kosa wiki tatu baadaye, nyuma ya kisogo, ambapo maua mawili yatabanana au pengo litabaki. Hatuoni tofauti kubwa baina ya hesabu hii na ile ya mtunzi anayejua tangu ubeti wa kwanza kwamba kina alichokichagua kitamlazimu hadi tamati. Tulipoanza kuzitazama kofia kwa jicho hilo, tabia yetu dukani ilibadilika. Tuliacha kutazama mbele ya kofia tukawa tunaigeuza kutafuta mahali mkanda ulipokutana. Muuzaji mmoja wa Darajani alituona, akacheka, akatoa kofia nyingine kutoka chini ya meza. "Hii ndiyo mnayoitaka," alisema, "zile za juu ni za haraka."

Za haraka ni za mashine, na zimejaa kila mahali. Si haki kuzibeza kwa kuwa ni za mashine tu. Kijana anayehitaji kofia ya Ijumaa kwa fedha alizonazo hakosei kuinunua. Lakini kama kazi, nyingi kati ya hizo tulizozishika zina udhaifu ulio wazi: kiua kimekuwa picha ya kiua. Uzi umezungushwa kama kwamba kuna tundu, na tundu halipo. Kofia ya mkono hupitisha hewa, na ukiiinua juani mwanga hupenya ukaweka nukta usoni mwa mvaaji. Nyingi za hizi za mashine ni bubu mbele ya jua.

Sasa tuje kwa washonaji. Upande wa Ng'ambo, mwenyeji wetu alitupeleka uani kwa jamaa zake ambako akina mama hukutana baada ya swala ya alasiri, kila mmoja na kipande chake cha kofia. Wanafunzi wetu wa kiume walisalimia, wakaonyeshwa baraza la nje na kuletewa kahawa. Wa kike waliingia. Miongoni mwao alikuwamo msichana kutoka Masaka ambaye darasani huchukua muda mrefu kabla ya kusema neno, na akisema husema kwa sentensi fupi za kujihami. Alikuwa na kitambaa cha meza mkobani, kazi ya maua aliyofundishwa na ssenga wake, yaani shangazi.

"Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako. Na wewe washona?"

Alikitoa kitambaa. Bibi hakuutazama uso wake hata kidogo. Alikigeuza, akapitisha kidole mgongoni mwa kazi, kisha akasema, "Huku nyuma mna mafundo mengi. Uzi waufunga kila ua? Upitishe chini, utokee kwenye ua la pili."

"Bibi, ukipita chini utaonekana. Kitambaa changu ni chepesi."

"Basi chagua kizito!"

Wote waliangua kicheko, naye pia. Hakukubali, lakini alisogea karibu. Kwa zaidi ya saa nzima msichana yule alieleza, alipinga, aliuliza, akatumia kutendeshea na kutendwa bila ya kujua kwamba anazitumia, kwa kuwa alikuwa na jambo la kusema na watu waliolifahamu. Hatutaki kugeuza mkasa huu kuwa nadharia ya ufundishaji wa lugha. Nadharia zipo za kutosha. Tunataka wasomaji walimu wauangalie mkono wa bibi yule. Mhakiki aliyezoea maandishi huanza na uso wa kazi. Mshonaji huanza na mgongo, maana huko ndiko kunakoonekana kama uzi ulikatwa kwa subira au kwa pupa, kama mkono ulichoka katikati, kama mtu mwingine alimalizia. Hiyo ni mbinu ya uhakiki iliyokamilika, na inafundishwa uani kila alasiri.

Akina mama hao wana pia msamiati wa kupimia kazi. Neno lao kuu ni kazi. "Hii ina kazi," husema juu ya kofia iliyojaa nakshi, na "haina kazi" juu ya iliyo tupu. Tuliletewa kofia mbili zilizokamilika. Moja ilikuwa imesheheni: majani, nyota, mizabibu, viua vya ukubwa mbalimbali, hapana hata nafasi ya kupumua. Ya pili ilikuwa na safu nne tu za viua vidogo vilivyopangika sawasawa, na katikati ya safu kitambaa kimeachwa kitupu. Akina mama kwa kauli moja waliichagua ya kwanza. Sisi tulichagua ya pili, na bado tunaichagua. Katika ile iliyosheheni jicho halina pa kutua, na makosa hujificha kwenye msongamano. Katika ile ya safu nne hakuna pa kujificha. Kiua kimoja kikitoka mstarini, kofia nzima itakisema. Tulipowaambia hivyo walitusikiliza kwa adabu. Mmoja akajibu kwamba mnunuzi hulipia kazi, wala halipii nafasi tupu. Jibu hilo ni zito. Mshonaji anayelipwa kwa kazi inayoonekana atajaza kofia, na ladha ya soko itakuwa ndiyo ladha ya sanaa. Tuna hakika kwamba aliyeshona zile safu nne alilijua hilo, akazishona hata hivyo.

Jina lake hatukuambiwa dukani, kwa kuwa dukani halijulikani. Mtunzi wa shairi la kale aliweka jina lake kwenye beti za mwisho. Mfanyabiashara wa kanga aliweka alama yake, na kila mpenzi wa leso za Mombasa anaijua "Mali ya Abdulla" ya nyumba ya Kaderdina, biashara iliyoanza mwaka 1887. Kofia haina mahali pa jina. Uani wanatambuana kwa mkono, "huu mkono wa fulani," wanasema, lakini kofia ikishapita kwa mchuuzi ujuzi huo unakatika, na pamoja nao bei. Mwenye kofia nzuri kichwani hawezi kukwambia nani aliishona. Hatujui kazi nyingine ya sanaa ya Waswahili inayovaliwa hadharani namna hii na ambayo muundaji wake amefutika namna hii.

Huenda msomaji wa hapa Kampala akasema kwamba hayo ni mambo ya pwani. Atazame shingo ya bwana harusi katika kwanjula yoyote. Kanzu ililetwa Buganda na wafanyabiashara kutoka pwani, waliofika katika jumba la Kabaka Suuna wa Pili miaka ya 1840, ikashika mizizi enzi za Mutesa wa Kwanza, na leo hakuna atakayekwambia kwamba si vazi la Waganda. Pambo la uzi wa rangi ya damu ya mzee lililo shingoni na kifuani mwake huitwa omulera. Sasa fungua kamusi za zamani za Kiswahili, utalikuta neno mrera: mshono wa pambo kwenye kanzu. Neno lilipanda bara pamoja na nguo na sindano, likavaa kiambishi cha Kiganda, likakaa. Pwani kwenyewe limebaki kwa mafundi na wazee. Ndivyo ilivyo kwa ndugu zake wengine, badani, taharizi, kikwapa, kaba, ambayo ni majina ya vipande vya kanzu. Mwanafunzi wetu anaweza kuhitimu shahada akijua istilahi zote za isimu miundo na asiweze kutaja sehemu moja ya vazi alilovaa siku ya kupokea shahada hiyo chini ya joho.

Tunalitaja hili kwa sababu. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 ili kuipa nafasi Kiswahili iwe lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Kila hatua kama hiyo ikitangazwa, husikika sauti ile ile, kwamba lugha hii ni ya kigeni, ya askari na wachuuzi. Walimu hujibu kwa hotuba za umoja wa Afrika Mashariki, ambazo ni njema lakini hazimshiki mtu. Omulera humshika, kwa kuwa uko shingoni mwa baba yake. Tulijaribu hoja hiyo kwa mafundi wawili wa cherehani kule Kiyembe baada ya kurejea. Wa kwanza alisema tunazua. Wa pili, mzee, alisimamisha mashine, akataja kikwapa na kaba bila ya kuulizwa, na kusema kwamba maneno hayo aliyapokea kwa aliyemfundisha kazi, naye hakujua kama yana lugha.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wameombwa waje na kanzu ya nyumbani muhula ujao, au kitambaa chochote kilichoshonwa kwa mkono, na watatakiwa kukieleza kwa Kiswahili wakianzia mgongoni. Orodha ya maneno tuliyokusanya Ng'ambo na Kiyembe imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa idara, na kalamu imefungwa kando yake kwa uzi. Faruma tuliyonunua ipo juu ya kabati katika chumba cha semina, na juu yake imekaa ile kofia ya safu nne.